Kupanga nyumba viungani mwa jiji ukiwa na mbwa au paka: hatua kwa hatua

Anayetafuta nyumba ya kupanga akiwa na mbwa au paka huzoea haraka jibu moja: "Hatutaki wanyama." Mara nyingi huja kabla hujamaliza kujieleza. Baada ya kulisikia mara kadhaa, wengine humpeleka mnyama kwa ndugu asiyemtaka, wengine humwacha barabarani, na wengine huhamia naye kimyakimya wakiomba asibweke siku mwenye nyumba akipita. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe anajua kuna mnyama, amekubali, na ameandika kibali hicho kwenye mkataba.

Inawezekana kuliko watu wanavyodhani, hasa viungani, ambako nyumba nyingi zina ua wake na wamiliki wengi ni watu binafsi wanaofanya maamuzi wenyewe. Mwenye nyumba anayekataa wanyama kwa kawaida hana neno na mbwa wako, kwani hajawahi kumwona. Anakumbuka zulia lililonuka mkojo miezi miwili baada ya mpangaji kuondoka, milango iliyokwaruzwa, viroboto, simu za majirani saa nane za usiku. Kazi yako ni kumwonyesha kwa vitu anavyoweza kuvishika mkononi kwamba mnyama wako si yule anayemkumbuka. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Anza mapema, na ujue mnyama wako anahitaji nini

Jipe miezi miwili kama unaweza. Anayetafuta akiwa amebakiwa na wiki mbili hukubali chochote, na mwenye mnyama ana nyumba chache za kuchagua kuliko wengine.

Kabla ya kutazama tangazo lolote, andika mambo ambayo mnyama wako hawezi kuishi bila kuyapata. Mbwa mkubwa mwenye nguvu anahitaji ua uliofungwa, au mtu wa kumtembeza kila siku bila kukosa. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hafai nyumba yenye ngazi nyingi. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema kuliko kwa jasho, kwa hiyo ua usio na kivuli hata kidogo ni hatari kwake siku za joto, na wale wenye pua fupi huumia zaidi. Paka anaweza kuishi vizuri kabisa ndani ya nyumba ndogo mradi ana dirisha la kutazamia nje na mahali pa juu pa kupanda, lakini paka aliyezoea kutoka hafai nyumba iliyo kando ya barabara kuu.

Wanyama wengine nao wasisahauliwe. Meno ya sungura huendelea kukua maisha yake yote, ndiyo maana hutafuna, na nyaya za umeme hazisalimiki. Tangi la samaki la lita 200 lina maji yenye uzito wa kilo 200 kabla hujahesabu kioo na mawe, na mwenye nyumba ya ghorofa ana haki ya kuuliza litakaa wapi. Kasuku ni mdogo lakini sauti yake hupita ukuta.

Hatua ya 2: Jua sheria inasema nini mahali unapohamia

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoweza kubadilisha mazungumzo yote. Sheria zinatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na katika nchi nyingi mwenye nyumba anaruhusiwa kukataa mnyama bila kutoa sababu. Lakini si kila mahali.

Nchini Ufaransa, sheria ya tarehe 9 Julai 1970 inafanya kipengele cha kukataza mnyama wa nyumbani katika mkataba wa makazi kuwa batili, ilimradi mnyama haharibu jengo wala kusumbua wakazi wengine. Mbwa wa kundi la hatari zaidi wanaweza kukatazwa. Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria ya upangaji ya 2006 nayo inabatilisha kipengele cha "hakuna wanyama", ingawa majengo yenye umiliki wa pamoja yanaweza kuwa na kanuni zake. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho iliamua tarehe 20 Machi 2013 kwamba mkataba wa kawaida hauwezi kupiga marufuku mbwa na paka wote kwa jumla. Lazima kila jambo litazamwe kivyake. Jimbo la Victoria, Australia, tangu Machi 2020, humtaka mwenye nyumba anayekataa aende mwenyewe kwenye baraza la usuluhishi kueleza sababu. Nako England, sheria ya haki za wapangaji ya 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya msingi.

Nchini Marekani, hali hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, lakini sheria ya shirikisho ya haki katika makazi haimhesabu mbwa anayemwongoza asiyeona kama mnyama wa kufugwa tu. Katazo la wanyama halimhusu, wala mwenye nyumba hawezi kudai ada ya mnyama kwa ajili yake. Naomba tusiichezee njia hii. Kila anayedai kwamba mbwa wake ni wa msaada ilhali siye anamfanya mwenye nyumba amshuku mlemavu atakayekuja baada yake.

Mbali na sheria ya nchi, kuna ngazi mbili nyingine. Halmashauri ya jiji inaweza kuwa na sheria ndogo kuhusu leseni ya mbwa, idadi ya wanyama kwa nyumba moja, au kumfunga mbwa kamba hadharani. Na viungani, mitaa mingi iliyojengwa kwa mpango ina chama cha wakazi chenye kanuni zake, ambazo wakati mwingine hutaja hata uzito wa mbwa. Mwenye nyumba anaweza kukubali kwa moyo mmoja na chama kikakukatalia mwezi wa kwanza. Omba nakala ya kanuni hizo uzisome mwenyewe; usitosheke na "hakuna shida, wengi humu wana mbwa".

Hatua ya 3: Andaa karatasi za mnyama

Mpangaji hujulikana kwa barua ya ajira na taarifa za benki. Mnyama naye anapaswa kuwa na faili lake. Huenda likaonekana jambo la ziada, lakini mwenye nyumba aliyezoea kuambiwa "mbwa wangu ni mpole sana" husimama kidogo akipewa karatasi yenye tarehe na sahihi.

Kwenye ukurasa mmoja, andika jina lake, jinsia, umri, uzito, aina kama unaijua, na kama amehasiwa au ametolewa kizazi. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Paka dume asiyehasiwa hunyunyiza mkojo wenye harufu kali ukutani kuweka mipaka yake, na baada ya kuhasiwa wengi wao huacha. Mwenye nyumba aliyewahi kufuga paka anajua hilo bila kuelezwa.

Eleza pia anakaa peke yake kwa saa ngapi kwa siku, analala wapi, nani humtunza ukisafiri, na anajisaidia wapi. Kisha ambatisha kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, ikiwa na tarehe ya mwisho na ya kurudia. Kama amewekewa chipu, taja hivyo. Chipu nyingi za siku hizi zina namba ya tarakimu 15, nayo humwonyesha mwenye nyumba kwamba mnyama huyu ana mwenyewe anayewajibika. Barua fupi ya daktari wa mifugo inayosema anamjua mnyama tangu lini, hana viroboto wala kupe, na hakuwa mkali alipokuwa akihudumiwa, ni ya thamani sana. Madaktari wengi huiandika kwa dakika chache ukiwaomba.

Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni barua ya mwenye nyumba wa sasa au wa zamani, inayosema uliishi naye kipindi fulani na nyumba ukaiacha katika hali nzuri. Iombe sasa, mkiwa bado mnapatana, usingoje wiki ya kuhama mnapohesabiana nyufa za kuta. Kama hujawahi kupanga ukiwa na mnyama, jirani anayekaa ukuta mmoja nawe anaweza kuandika mistari mitatu kuhusu utulivu wake.

Weka picha moja iliyo wazi, mnyama akiwa ametulia ndani ya nyumba iliyo safi. Picha ya mbwa akiruka juu ya sofa inakupendeza wewe, lakini anayekodisha ataangalia sofa.

Na kama mnyama wako ana tabia inayosumbua kweli, huu ndio muda wa kuishughulikia. Mbwa anayebweka saa nzima akiachwa peke yake mara nyingi huwa ana hofu ya kuachwa, na hofu hiyo hupungua kwa mazoezi ya polepole: kumwacha dakika chache, kisha kuziongeza siku baada ya siku, bila kuharakisha. Daktari au mkufunzi wa mbwa atakuelekeza. Kuhama kwenyewe huongeza hofu hiyo, hivyo usitarajie kwamba nyumba mpya itaiondoa.

Hatua ya 4: Tafuta pale ambapo wengine hawatazami

Tovuti na programu nyingi za nyumba zina kichujio cha "wanyama wanaruhusiwa". Kitumie, lakini usiishie hapo, kwa sababu matangazo mengi hayasemi lolote kuhusu wanyama. Tangazo lililonyamaza halijakataa. Piga simu uulize.

Nyumba zinazofaa zaidi kufuatiliwa ni zile ambazo tangazo lake limekaa muda mrefu. Mwenye nyumba anayepoteza kodi ya mwezi wa pili husikiliza kuliko yule aliyetangaza jana. Tafuta pia zinazokodishwa na mwenyewe moja kwa moja. Kampuni ya usimamizi huwa na kanuni moja kwa nyumba zote, na karani anayekujibu hana mamlaka ya kuibadilisha. Nyumba yenye sakafu ya vigae au saruji ina nafasi kubwa kuliko yenye zulia la ukuta hadi ukuta, kwa kuwa hofu ya harufu hupungua hapohapo.

Watu wanaojua nyumba zenye kukubali wanyama ni wale wanaoshinda na wanyama. Uliza kliniki ya mifugo ya eneo unalotaka kuhamia, muuza chakula cha wanyama, wanaotembeza mbwa asubuhi. Mpangaji mwenye mbwa anayekaribia kuhama ndiye habari njema kuliko zote, maana mwenye nyumba wake tayari amekwisha kukubali mara moja. Kama unatumia dalali, mwambie habari za mnyama siku ya kwanza. Dalali aliyefichwa jambo hilo atakupeleka kwenye nyumba tano zisizofaa na atachoka nawe.

Jihadhari na matapeli. Wanajua wenye wanyama wana kiu ya nyumba, kwa hiyo tangazo la nyumba nzuri, ya bei ndogo kuliko jirani zake, "inayokubali wanyama wote", ambalo mwenyewe yuko safarini na anaomba pesa ya kushikilia kabla hujaingia ndani, ni la kuachana nalo. Tafuta picha zake kwenye intaneti uone kama zimeibwa kwenye tangazo jingine, na usilipe chochote kabla ya kuingia ndani ya nyumba na kuthibitisha anayeikodisha ana haki nayo.

Hatua ya 5: Mtaje mnyama mwanzoni kabisa

Wapo wanaoshauri umalize kwanza kumpendeza mwenye nyumba, kisha umtaje mnyama siku ya kutia sahihi. Sikubaliani nao. Mtu anayegundua jambo siku ya mwisho huona kwamba alifichwa, na kuanzia hapo hukuhesabu kuwa mtu wa kuficha mambo. Ujumbe wa kwanza unaweza kuwa mfupi kama huu:

"Habari za leo. Nimeliona tangazo la nyumba yako ya vyumba vitatu na ningependa kuja kuitazama. Tuko watu wazima wawili, mtoto mmoja na mbwa mmoja. Mbwa ana miaka sita, uzito wa kilo 14, amehasiwa na chanjo zake zimekamilika. Tumekaa naye kwenye nyumba ya kupanga miaka minne, na nina barua ya mwenye nyumba huyo pamoja na ya daktari wa mifugo. Naweza kukutumia leo. Kama kuna jambo linalokutia wasiwasi kumhusu, ningefurahi kulisikia kabla sijaja."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Inamfungulia mlango aseme hofu yake halisi, na hofu inayojulikana inaweza kujibiwa. Anayehofia zulia unaweza kumwambia utalisafisha kwa mtaalamu ukiondoka na kumpa risiti. Anayehofia kelele mpe namba ya jirani wako wa sasa. Mwingine atakuambia kampuni yake ya bima ya jengo haikubali aina fulani za mbwa. Hicho si kisingizio. Baadhi ya kampuni za bima kweli zina orodha ya namna hiyo, na huenda yeye mwenyewe hana uwezo wa kuibadilisha. Hapo mshukuru uendelee mbele.

Akisita, mkaribishe aje kumwona mnyama mnakoishi sasa. Nyumba isiyonuka na mbwa aliyelala pembeni ya kiti humjibu maswali mengi. Kabla hajafika, mtembeze mbwa hadi achoke.

Hatua ya 6: Kagua nyumba kwa macho ya mnyama

Nenda bila mnyama mara ya kwanza, isipokuwa umeombwa. Tembea uzio mzima kwa miguu ukitazama chini, kwa sababu mbwa wengi hutoroka kwa kuchimba au kupenya chini ya uzio. Jaribu komeo la geti: je, linajifunga lenyewe, au mleta mizigo akilisahau litabaki wazi? Pima kwa macho urefu wa uzio ukilinganisha na mrukaji wako, na utazame kama kuna rundo la matofali au tangi la maji karibu nao la kupandia.

Kisha tafuta sumu. Maua ya lili ni hatari sana kwa paka. Hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo zake. Oleanda, inayopandwa sana kama uzio wa maua, ni sumu kwa mbwa na paka, na mbegu za mmea wa mapambo uitwao saikadi huharibu ini la mbwa. Nyumba iliyokaa tupu huenda imewekwa sumu ya panya nyuma ya jiko, darini na chini ya sinki, kwa hiyo uliza waziwazi imewekwa wapi na iondolewe. Gereji nayo itazamwe: kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, iliyomwagika kutoka kwenye gari ina ladha tamu inayowavuta wanyama, na kiasi kidogo kinaweza kumuua mnyama.

Ndani, fungua madirisha. Paka huanguka kutoka ghorofani wakiwafuata ndege au wadudu, na wavu uliochanika haumzuii. Kama kila chumba kina zulia, chutama unuse. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki inayoganda kuwa fuwele zisizoyeyuka vizuri kwa maji, ndiyo sababu harufu hurudi kila hewa ikiwa na unyevu. Tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno huonyesha madoa ya zamani ya mkojo chumba kikiwa giza. Ukiyaona, yapige picha na umwonyeshe mwenye nyumba kabla ya kuhamia, ili yasije yakawa yako.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa inaweza kukupokea kwa viroboto. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko anaweza kungoja muda mrefu bila kula, kisha akatoka kwa wingi anapohisi mtikisiko wa nyayo, joto na pumzi ya kiumbe. Mpangaji mpya hulaumiwa, na mnyama wake huonekana ndiye aliyewaleta. Uliza kama mpangaji aliyepita alikuwa na mnyama, na omba nyumba ipigwe dawa kabla hujaingia, huku ukiwa na barua ya daktari inayosema wako hana viroboto.

Rudi tena jioni, peke yako. Sikiliza mbwa wa jirani, tazama magari yanavyokimbia, angalia kama kuna njia ya kutembezea mbwa yenye mwanga.

Hatua ya 7: Zungumzia pesa bila kuogopa

Gharama ya mnyama huja kwa sura tatu: amana ya ziada inayorudishwa, ada ya mara moja isiyorudishwa, na kodi ya mnyama ya kila mwezi. Ukiweza kuchagua, chagua amana. Kama mnyama wako hataharibu kitu, amana inarudi mfukoni kwako, na mwenye nyumba analindwa kwa kiasi kilekile.

Kodi ya kila mwezi huonekana ndogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kama ni asilimia 3 ya kodi ya nyumba, katika miaka miwili utakuwa umelipa asilimia 72 ya kodi ya mwezi mmoja, na hakuna hata senti itakayorudi. Fanya hesabu hiyo mbele yake kwa heshima, kisha pendekeza amana. Lakini kwanza angalia kama sheria ya mahali hapo inaweka kikomo. England, kwa mfano, sheria ya 2019 inazuia amana yote kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kukuongezea juu yake kwa ajili ya mbwa.

Zipo njia nyingine zisizogharimu sana. Unaweza kusaini mkataba mrefu zaidi, kukubali ukaguzi baada ya miezi mitatu, au kukata bima ya mpangaji inayolipia madhara mnyama atakayomfanyia mtu mwingine, pale ambapo bima hiyo ipo. Ukaguzi wa miezi mitatu huwasaidia sana wenye nyumba waliosita, kwa kuwa wanajua hawajafungwa macho.

Hatua ya 8: Mkataba

Neno la mdomo halitoshi, hata kutoka kwa mtu mwema. Nyumba inaweza kuuzwa, mwenyewe akafariki na warithi wakaja, au msimamizi mpya akaajiriwa. Aliyebaki atasoma karatasi tu. Kama mkataba una mstari uliochapwa unaosema "wanyama hawaruhusiwi", lazima ufutwe na pande zote mbili ziweke sahihi pembeni. Usikubali kuambiwa "huo uache tu, ni wa kawaida".

Kipengele cha ruhusa kimtaje mnyama mwenyewe. Huu hapa mfano unaoweza kuurekebisha:

"Mwenye nyumba anamruhusu mpangaji kuishi na mbwa mmoja jike, aliyetolewa kizazi, wa rangi ya kahawia, mwenye chipu namba ______, kwa muda wote wa mkataba huu na wa mikataba itakayoufuata. Ruhusa hii haitaondolewa isipokuwa mbwa amesababisha uharibifu au kero iliyothibitishwa, mpangaji amearifiwa kwa maandishi, na siku 30 zimepita bila kurekebisha. Mpangaji atalipia uharibifu utakaosababishwa na mbwa, mbali na uchakavu wa kawaida wa nyumba."

Maneno "uchakavu wa kawaida" yana kazi kubwa. Bila hayo, rangi iliyopauka na sakafu iliyochakaa kwa miaka mitano ya kutembewa na watu vinaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya mbwa. Andika pia amana ya mnyama ni kiasi gani, itarudishwa ndani ya siku ngapi, na kwamba makato yoyote yataambatana na risiti. Wekeni taarifa ya muda fulani, tuseme saa 24, kabla ya mtu yeyote kuingia nyumbani, kwa ajili ya fundi bomba ambaye hakujua kuna mbwa na kwa ajili ya mbwa ambaye hakujua kuna fundi.

Mambo mawili husahaulika karibu kila mara. La kwanza, mnyama akifa, je, unaruhusiwa kuleta mwingine? Ruhusa ya mbwa mmoja aliyetajwa haimhusu wa pili, kwa hiyo mkubaliane sasa. La pili, wageni: kama dada yako huja na paka wake likizo, liandikwe.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha na video za kila chumba, hasa chini ya milango, pembe za kuta, mazulia, vizingiti vya madirisha na uzio. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye ujumbe.

Hatua ya 9: Siku za kuhama

Mfungie mnyama kwenye chumba kimoja kilichokwisha kutolewa vitu, au mpeleke kwa mtu anayemfahamu, mpaka lori liondoke. Wanyama wengi hupotea siku ya kuhama kwa sababu milango yote huwa wazi.

Katika nyumba mpya, mpe paka chumba kimoja chenye chakula, maji, sanduku la mchanga na kitambaa chake kisichofuliwa, kisha mfungulie vyumba vingine kidogokidogo. Kama ni wa kutoka nje, mzuie ndani kwa wiki mbili hadi tatu. Paka aliyeachiwa mapema hujaribu kurudi alikotoka. Mbwa naye mzungushe uani akiwa na kamba siku za kwanza, hata kama uzio umeukagua, kwa kuwa yeye atauona upenyo usiouona wewe.

Jitambulishe kwa majirani wa pande zote na uwape namba yako ya simu, wakupigie wewe kwanza akibweka. Akikojoa ndani, tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, na uepuke yenye amonia, maana harufu yake inafanana na ya mkojo na humvuta arudi palepale. Kisha badilisha anwani na namba ya simu kwenye usajili wa chipu na kwenye kibati cha kola. Fanya hivyo kabla ya usiku wa kwanza, kwa sababu mnyama akipotea wiki hiyo, atakayemwokota atapiga namba iliyoandikwa pale.